Taa Mpya ya Mzee Alfajiri

Mara ya kwanza Mzee Alfajiri alipolalamikia taa ya pikipiki yake, mkewe alikuwa hajamaliza wiki mbili kaburini. Aliisukuma pikipiki hadi mlangoni mwa karakana, injini kaizima tangu kona, na binti yake, ambaye ndiye fundi wa hapo, akadhani ni heshima ya msiba.

"Taa imefifia, mama," mzee alisema. Mzee alimwita bintiye huyo mama tangu akiwa mtoto wa mgongoni. "Tangu mwenzangu aondoke, sioni mbele."

Maneno ya mfiwa huitikiwa, hayachambuliwi. Fundi aliitikia, akamwekea balbu yenye nguvu zaidi, akafuta kioo kwa kitambaa, akamsindikiza hadi barabarani. Hakutaka kukaa naye sana. Ukweli usemwe: alikuwa na kinyongo na baba yake, kinyongo kilichomkaa kooni kama mwiba wa samaki, hakishuki wala hakitoki. Mama yake alikuwa na homa ya siku tatu, na bado asubuhi ya mvua kubwa akapanda nyuma ya pikipiki kwenda na mumewe kugawa mikate. Jioni akawa anapumua kwa tabu. Siku ya tano akafa. Sasa mzee mzima, mwenye akili zake, anamwachaje mgonjwa atoke kwenye mvua ile kwa ajili ya mikate? Swali hilo fundi alikuwa hajamuuliza mtu. Alilimeza siku ya mazishi, akaendelea kulimeza kila Jumapili alipompelekea baba yake chakula, na kila alipolimeza liliongezeka ukubwa.

Mtaa mzima ulimwita mzee Alfajiri kwa sababu alikuwa akiwaletea mikate kabla jua halijachungulia, miaka ishirini na sita bila kukosa. Makreti mawili yalining'inia ubavuni mwa pikipiki, moja kulia, moja kushoto. Mwaka wa mwisho mkewe naye akaanza kupanda katikati ya makreti hayo, nyuma ya mumewe, kamshika kiuno. Watu walicheka hadi wakachoka. Walisema hao ni chanda na pete, na kwamba uchumba wao ulichelewa njiani ndiyo maana umefika uzeeni. Bibi alikuwa akiwajibu bila kushuka, "Wenye wivu wajinyonge, kamba nawanunulia mimi."

Mara ya pili mzee alikuja baada ya mwezi. Taa bado haifai, alisema. Safari hii kiashiria cha kushoto kilikuwa kimevunjika, na kikanyagio cha upande huohuo kimekwaruzwa hadi kung'aa.

"Mkokoteni," mzee alieleza kabla hajaulizwa. "Watu wa mikokoteni siku hizi hawana adabu."

Fundi akaamini. Alikuwa amesikia pia kwamba mzee amekuwa mwenye maringo, anapita watu bila salamu; kwamba anaendesha mwendo wa kusindikiza bibi harusi; kwamba siku moja aliteremsha mikate ya duka la kona kwenye mlango wa kinyozi, na kinyozi akakuta mikate thelathini inamsubiri. Yote hayo fundi aliyatia katika kapu moja, kapu la huzuni, akalifunga. Fundi hodari wa taa ana ugonjwa wake: mtu akimwambia haoni, yeye anatazama balbu. Akabadilisha kioo chote cha mbele na kile kikombe cha kung'aa kinachokaa nyuma ya balbu. Mzee akashukuru, akaenda zake polepole.

Mara ya tatu alitaka taa ya LED.

"Nimeona vijana wanazo," alisema. "Nyeupe, kama mchana. Niwekee hiyo, mama, nisikusumbue tena."

Mshona viti wa chumba cha jirani, mtu wa maneno, alitoa kichwa nje na sindano mdomoni. "Mzee, ukiongeza mwanga hapo jua litakushitaki. Litasema unaingilia kazi ya watu."

Mzee alicheka, lakini alicheka akiuelekea mlango usio wa mshona viti. Fundi aliona. Akajiambia kwamba mzee amechoka tu.

Kazi yenyewe haikuwa ya kubandika na kubandua. Pikipiki ile ilikuwa ya zamani, taa yake ilikula umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili ya injini, ukivuta moto inawaka, ukiachia inasinzia. Ukiitia LED kwenye umeme wa namna hiyo inapepesa kama mtu aliyeingiwa na mchanga machoni, na baada ya wiki imekufa. Kwa hiyo fundi alifungua tumbo la injini, akaiunga upya koili, akaupitisha umeme kwenye kifaa cha kuunyoosha, kutoka hapo kwenye betri mpya, na kutoka kwenye betri ndipo akavuta waya mbili za taa. Ilimchukua asubuhi yote na nusu ya siku iliyofuata. Alifanya kila kiungo kwa solda, akakivika mpira, akakibana. Kwa mteja mwingine angezungushia tepu tu. Watu wawili wasioweza kusemezana wakikutanishwa na kazi, huisemea kazi. Fundi alisema yake yote kwenye zile waya.

Siku ya pili, saa saba mchana, ilibaki kupima mwelekeo. LED isipopimwa ni silaha: ukiinua kidogo tu, unampofusha anayekuja mbele yako na anakuingia. Karakana ile ilikuwa na utaratibu wake, na utaratibu huo aliuanzisha mzee mwenyewe zamani alipokuwa fundi hapo mchana baada ya kumaliza mikate. Lango la mabati huteremshwa nusu ili chumba kiwe na giza. Pikipiki husimamishwa hatua saba kutoka ukuta wa ndani, ambako umechorwa mstari wa chaki. Mwenye pikipiki hupanda na kukaa kama anavyokaa barabarani. Fundi hupiga magoti mbele ya taa, mgongo kaupa ukuta, na kuzungusha skrubu ya chini taratibu. Ukingo wa mwanga unapogusa mstari, anayesema "hapo" ni mwenye pikipiki. Fundi haruhusiwi. Mzee alikuwa akisema barabara ni ya mteja na macho ni ya mteja, fundi asimwamulie.

Mzee akapanda. Fundi akapiga magoti, akawasha. Mwanga mweupe ukampita juu ya bega.

"Juu bado," mzee alisema. "Teremsha. Teremsha tena. Kidogo. Umepitiliza, rudisha."

Sauti yake ilikuwa ya zamani, sauti ya mwalimu. Fundi alizungusha skrubu, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alijikuta anatabasamu.

"Hapo," mzee alisema. "Hapohapo. Umelala juu ya mstari."

Fundi akakaza, akainuka akijipangusa magoti, akageuka kuutazama ukuta.

Ukuta ulikuwa mweupe kama sahani. Mama mwenye nyumba alikuwa amewaleta watu wa chokaa Jumamosi, wakapaka vyumba vyote, na cha fundi kimo. Kwa mazoea ya miaka, fundi alipanga pikipiki, akapiga magoti na kuanza kazi bila kuutazama ukuta hata mara moja. Mstari haukuwepo. Na ule ukingo wa mwanga alioambiwa umelala juu ya mstari ulikuwa karibu na dari.

Alisimama pale akiangalia dari. Angeweza kunyamaza, na alitamani kunyamaza.

"Baba," alisema, "mstari uko wapi?"

"Si huo hapo."

"Nionyeshe."

Mzee hakuinua mkono. Injini ilikuwa imezimwa, na sauti pekee ilikuwa ya cherehani ya mshona viti upande wa pili.

"Wamepaka chokaa, Baba. Jumamosi. Hakuna mstari."

Mzee aliondoa mikono kwenye usukani, akaiweka mapajani. Alionekana mdogo ghafla juu ya pikipiki ile.

"Tangu lini?" fundi aliuliza.

"Jicho la kulia lilizima mwaka jana, kabla ya mvua za kwanza. La kushoto linaona kama umelifunika shuka. Nikitazama mwanga najua ni mwanga. Tulikwenda kwa daktari wa macho, mimi na mama yako. Akasema ni presha ya macho, lililokwenda halirudi. Akanipa dawa ya matone ili lililobaki lisiende haraka."

"Mwaka jana? Na mikate umekuwa ukiipelekaje?"

"Aliyekuwa anaendesha ni mama yako," mzee alisema. "Mimi nilishika usukani tu."

Akamweleza, bila kuharakisha, kama anayemsomea mtu orodha ya vipuri. Kidole kwenye bega la kulia: kata kulia. Bega la kushoto: kushoto. Kufinywa kiuno: shimo, punguza. Viganja vyote viwili mgongoni: simama. Walijifunza wiki mbili kwenye uwanja wa mpira wakiwaambia watu kwamba bibi anafundishwa kuendesha. Watu walipowaita chanda na pete walifurahi sana, maana hakuna anayemchunguza mtu anayemcheka.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Hawakusema kifo cha nani. Fundi alishika ukingo wa meza ya kazi. Alikumbuka asubuhi ile ya mvua, alipopita kwa wazazi wake kuchukua bisibisi aliyoisahau, akamkuta mama yake anajifunga kanga ya pili juu ya koti, macho mekundu kwa homa. Alimwambia, "Mama, kalale, mwache aende mwenyewe, kwani mtoto?" Na mama yake akajibu akicheka, "Huyu bila mimi hafiki hata kona ya kwanza." Wakacheka wote wawili. Fundi alikuwa amecheka, akachukua bisibisi yake, akaondoka.

"Kwa hiyo ndiyo sababu alitoka," alisema, na sauti yake ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Na homa yake. Alitoka kwa sababu usingeweza kwenda bila yeye."

"Nilimwambia tusiende. Nilimwambia siku moja mtaa hautakufa kwa kukosa mikate. Akasema tukikosa siku moja watauliza, na wakianza kuuliza hawaachi."

"Mngeniambia mimi!"

"Ungeninyang'anya ufunguo."

"Ningekunyang'anya! Na mama angekuwa hai!"

Cherehani ya jirani ikanyamaza. Mzee aliinamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo ambayo fundi hakuwahi kuisikia kwake.

"Sina la kujitetea, mama. Ila kitu kimoja tu ndicho kinachonipa usingizi. Siku ile mvua yote niliipokea mimi. Ilitupiga kwa mbele, na mgongo wangu unaujua ulivyo, na yeye alikuwa mdogo wa mwili. Nilijitanua makusudi. Nilijua yuko nyuma yangu, kajibanza. Nilimkinga."

Hasira ya fundi bado ilikuwepo, lakini haikuwa na mahali pa kusimama. Miezi mitatu alikuwa akimchukia mzee aliyemtoa mgonjwa kwenye mvua, na kumbe mgonjwa alijitoa mwenyewe, na yeye fundi alikuwepo, akacheka. Tena miezi miwili na nusu kipofu huyu alikuwa akipita barabarani peke yake, anahesabu kona kwa kumbukumbu, na kila alipokuja kuomba msaada alipewa balbu.

Alinyoosha mkono. Mzee akasikia kwamba umenyooshwa, sijui kwa vipi, akachomoa ufunguo, akautafuta ule mkono hewani hadi akaupata.

"Huendeshi tena, Baba."

"Najua."

"Kesho nitaendesha mimi. Lakini maduka siyajui, wala nani anachukua mingapi. Utakaa nyuma unielekeze. Baadaye tutaona."

Mzee alitikisa kichwa kukubali.

Taa ilikuwa lazima ipimwe upya, tena kwa uzito wa watu wawili, maana abiria akikaa nyuma pikipiki inakaa kitako na mwanga unapanda. Fundi alichora mstari mpya wa chaki kwa ubao mrefu, akahakikisha umenyooka. Kisha akamwita mshona viti, kwa kuwa hakuna awezaye kukaa kitini na kuzungusha skrubu kwa wakati mmoja. Mshona viti alikuja akijifanya hakusikia kitu. Alikuwa amesikia kila kitu, macho yake yalionyesha, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue hakuwa na neno la kuchekesha. Akachukua bisibisi, akapiga magoti.

Fundi akakaa mbele. Mzee ilimbidi apande nyuma, mahali ambapo hakuwahi kukaa tangu ainunue pikipiki ile. Alipapasa kwa mguu akitafuta kikanyagio cha abiria, hakujua kiko wapi, mshona viti akamshika kifundo na kukiweka mahali pake. Mikono nayo ilibabaika kidogo, mwishowe ikatua kiunoni mwa bintiye. Fundi alikuwa amerithi mwili wa baba yake, urefu na mabega yale mapana.

"Washa," alisema. Mshona viti akawasha.

"Mbona umezima?" mzee aliuliza.

"Inawaka, Baba."

"Haiwaki. Mwanga nao siuoni? Mwanga huwa nauona."

"Inawaka. Unachokiona ni mgongo wangu."

Fundi alimsikia mzee akisogea, kwanza akijinyoosha juu kutafuta nafasi ya kuchungulia juu ya bega, akashindwa. Kisha akainama upande wa kulia, kidogo, akaongeza, akaongeza tena, hadi pikipiki yote ikaelemea upande huo na fundi akalazimika kukaza mguu chini. Alipogeuza shingo alimwona baba yake katoa kichwa na bega lote nje, na mwanga uliorudi kutoka kwenye chokaa umemwangukia usoni.

"Sasa nauona," mzee alisema.

Alibaki vilevile, kichwa nje. Mshona viti alishusha bisibisi.

"Na mimi ni mrefu," mzee akaendelea, taratibu. "Mama yako alikuwa ananifika hapa." Fundi alihisi kiganja kikigusa chini kidogo ya bega lake. "Ili aone shimo ilibidi atoke nje zaidi ya hivi. Njia nzima."

"Baba, shuka tupumzike."

"Wewe ndiye uliyemvua nguo siku ile tulipopita kwako baada ya mikate. Niambie. Alikuwa amelowa?"

Fundi aliikumbuka ile kanga. Aliikumbuka vizuri, kwa sababu ilimshangaza siku ile na hakuwa na wakati wa kushangaa: ilikuwa kavu upande mmoja, na upande wa pili, kuanzia kichwani, sikio, shingo, bega hadi kiunoni, imelowa chapachapa, maji yanachuruzika sakafuni. Uongo ulikuwa tayari kwenye ulimi. Ulikuwa uongo mwepesi, wa neno moja, na mama yake angeusema bila kupepesa macho, kama alivyoudanganya mtaa mzima kwa mwaka mzima.

"Usinifiche na wewe," mzee alisema.

"Upande wa kulia wote, Baba," fundi alisema. "Wa kushoto ulikuwa mkavu."

Mzee alirudisha kichwa ndani polepole, akakilaza mgongoni mwa bintiye. Fundi alihisi shati lake likilowa katikati ya mabega, akashika usukani kwa nguvu ili pikipiki isiyumbe.